Kifuu, Kandambili na Methali: Jinsi ya Kuokota Wazo la Kazi ya Mikono

Siku hizi mtu akitaka kutengeneza kitu kwa mikono yake huanza na simu. Anatafuta picha, anakuta taa ya mezani ya kupendeza: mbao yake ni ya mti usioota kwetu, gundi yake haiuzwi Kariakoo, na mashine iliyoikata bei yake ni kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Anahifadhi picha hiyo, anatafuta nyingine, usiku unakwisha hivyo hivyo. Kunakucha ana picha chungu nzima na hajashika hata mkasi.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Kwanza unashika kitu kilichojaa mtaani kwako. Kisha unamfuata fundi anayekijua, unachukua ujanja wake kwa adabu, na wazo linakuja humo humo kazini. Simu ina nafasi yake, ila itasubiri. Ninachozungumzia hapa ni vitu vyenye vituko, vile ambavyo mgeni akiingia sebuleni anasita kidogo na kuuliza, "Hiki nacho ni nini?" Kabati na meza ya chakula mwachie seremala.

Mifano yangu mingi ni ya pwani. Aliye Mwanza au Kisumu aweke nyavu chakavu mahali ninapotaja vifuu vya nazi; njia haibadiliki.

Hatua ya kwanza: chagua taka moja

Wengi wakipata hamasa hukusanya kila kitu: chupa, vizibo, maboksi, redio mbovu, mpaka chumba kinageuka jalala na wenye nyumba wanaanza kununa. Chagua taka moja tu, kaa nayo wiki mbili tatu. Iwe nyingi, iwe ya bure au ya bei ya soda, na iweze kukatwa kwa zana ulizonazo. Kama una mkasi na sindano pekee, usijitese na mabati.

Fundi cherehani anayeshona vitenge anafagia vipande kila jioni. Mpe mfuko, mwombe akuwekee, na siku ya kuchukua usiende mikono mitupu. Mama anayepika wali wa nazi ana vifuu, lakini huvitumia kuwashia jiko, kwa hiyo mkubaliane mapema. Gereji kuna tyubu za matairi zilizooza, ambazo zikikatwa vipande virefu zinatoa mikanda na vishikio imara kuliko ngozi ya bei nafuu. Na ufukweni, hasa baada ya upepo wa kusi, bahari inatema kandambili moja moja, kamwe si jozi.

Hizo kandambili zisidharauliwe. Jijini Nairobi kuna karakana ya Ocean Sole inayozigundisha tabaka kwa tabaka mpaka zinakuwa bonge, kisha bonge linachongwa twiga, kifaru au kasa. Ukitazama shingo ya twiga yule unaona mistari ya buluu, nyekundu na njano imepangana bila mtu kuipaka rangi. Ni soli za watu mbalimbali zilizokutana. Hapo utaona jinsi taka yenyewe ilivyoleta pambo. Mchongaji angetumia mbao asingeipata ile mistari.

Onyo moja kuhusu ufukwe: gamba la kasa na matumbawe yaache. Kasa analindwa na sheria Tanzania na Kenya, na konokono wa baharini akiwa bado hai ndani ya kome lake si taka.

Hatua ya pili: kihoji ulichokishika

Kabla hujajiuliza utatengeneza nini, jua kwanza kitu chako kinakubali nini. Kikunje. Kiloweke usiku mzima. Kisugue kwa msasa. Kitoboe kwa msumari. Kishone. Kiache juani. Andika kilichotokea kwenye daftari, kwa maneno machache: "kinachanika kwa urefu, hakichaniki kwa upana", "kikilowa kinanyooka", "kikisuguliwa kinang'aa".

Chukua kifuu. Nje kimejaa manyoya ya kahawia, kinaonekana kama kitu cha kutupwa. Kwangua manyoya kwa kisu butu, sugua kwa msasa mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, halafu pitisha tone la mafuta ya nazi kwa kitambaa. Chini ya yale manyoya kuna rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, yenye vistari vyembamba vya rangi ya asali. Ugumu wake unakaribia wa mfupa, lakini ukikigonga nyundo kinapasuka. Ukikitoboa polepole kwa keekee kinakubali tundu safi kabisa. Maelezo hayo matatu tu, yaani kinang'aa, kinapasuka kwa nyundo, kinakubali tundu, yanakuonyesha kazi ambazo kifuu kinazitaka. Yanakuonyesha pia usizozijaribu: usipigilie msumari.

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu haina cha kumwonyesha mtu. Mimi naiona ndiyo inayotenganisha anayebuni na anayenakili.

Hatua ya tatu: nenda ukamtazame fundi

Ukienda eneo la Gerezani pale Dar es Salaam au Kamukunji pale Nairobi, kelele za nyundo utazisikia kabla hujafika. Mafundi bati wanatoa majiko, makarai, masanduku ya shule, vyote kutoka kwenye mapipa na mabati yaliyokwisha kazi yake ya kwanza. Usiende kutazama bidhaa. Tazama maungio: wapi bati limekutana na bati, mbao na mbao, uzi na ngozi. Ujanja wote wa fundi uko kwenye maungio.

Namna ya kufika ina umuhimu. Ukienda na kamera mbele utaambiwa bei ya mzungu au hutajibiwa kabisa. Nunua kitu kidogo kwanza, salimia, subiri apumzike. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante. Mzee, hapa chini mmeunganisha vipi bila kuchomelea?"

"Aah, hapa? Hapa unakunja mdomo wa huyu, unakunja na wa mwenzake, unavishikanisha, unalaza na nyundo. Hakitoki hicho mpaka bati lioze. Shika ujaribu."

Akisema shika ujaribu, shika. Kidole kikikataa, ndipo utajua kwa nini anatumia kipande cha reli kama fuawe na kwa nini nyundo yake ina uso wa mviringo. Picha uliyoiona mtandaoni haikwambii hayo.

Mafundi wengine wa kutazama: anayeshona viatu barabarani, kwa jinsi anavyopitisha uzi kwa sindano yenye kindoana, wasusi wa nywele, ambao mafundo yao yanafanya kazi vizuri tu kwenye kamba, anayefuma viti vya nailoni, na wanawake wanaosuka ukili. Huyu wa mwisho mkalie muda mrefu. Anachana ukindu kupata chane, anasuka chane kuwa utepe mrefu usio na mwisho, huo ndio ukili, halafu anaushona ukili ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka unakuwa mkeka. Ukifikiri vizuri, mkeka ni utepe mmoja uliokubali kurudi na kurudi. Utepe wowote unaweza kufanyiwa hivyo: mabaki ya kitenge yaliyosukwa kama mkia, tyubu iliyokatwa, hata mifuko ya saruji iliyoshonwa mikunjo. Wazo la kapu, la zulia la mlangoni, la kiti cha chini, yote yamo kwenye mshono huo mmoja.

Kama uko Dar na huna mtu wa kumtazama, nenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Wageni hupiga picha mlangoni na kuondoka. Wewe ingia ndani, inua uso, utazame paa lilivyofungwa kwa kamba. Vifundo vile vitakusaidia siku utakayotaka kutundika kitu bila msumari.

Hatua ya nne: hamisha ufundi, usihamishe bidhaa

Hapa ndipo wazo huzaliwa, na kanuni yake ni nyepesi kuisema: chukua ufundi wa kitu kimoja, upeleke kwenye kitu kisichoujua.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa na haipendi kuchanganywa kwa upole. Inataka eneo la rangi moja, ukingo mkali, madoa juu yake. Ule mtindo wa chui mwenye macho makubwa na madoa yaliyopangwa, ambao leo unauzwa kila duka la watalii kuanzia Oysterbay mpaka Unguja, kwa kiasi kikubwa ni tabia ya rangi ya baiskeli. Vifaa vya dukani vilihamia kwenye sanaa vikaja na sura yao.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka 2018 huko Lamu lilishushwa majini jahazi liitwalo Flipflopi, la urefu wa mita 9 hivi, ambalo mafundi chini ya Ali Skanda walilitengeneza kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa. Plastiki iliyeyushwa na kufanywa mbao na mataruma, yaani mbavu za jahazi, kisha mafundi wakazikata na kuzichonga kwa njia zile zile za mbao. Mwilini likavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likaenda Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita kama 500. Ufundi ni wa mababu, kitu ni cha jalalani. Vilikuwa havijawahi kukutana kabla ya hapo.

Wewe huhitaji tani 10. Gawa ukurasa wa daftari safu mbili. Kushoto andika vitu ulivyovihoji katika hatua ya pili, kulia andika mbinu ulizoziona kwa mafundi. Kisha unganisha kwa mstari vile ambavyo havijawahi kuonana. Kushona kwa ukili na tyubu. Kukunja bati na kadibodi ya maziwa. Msuko wa twende kilioni na kamba za nailoni. Michanganyiko mingi itakuwa upuuzi, na hilo halina neno; unatafuta mmoja tu utakaokufanya uchukue mkasi.

Hatua ya tano: chimba methali

Ukitaka vituko, hazina ya Kiswahili iko hapa na watu wanaipita. Methali zetu zimejaa vitu: kibaba, jembe, panya, mtungi, nyundo. Zimekaa midomoni muda mrefu mpaka hatuvioni tena. Ichukue methali kama ilivyo, uifanye kitu, na kichekesho kinajileta chenyewe.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Tengeneza kitundikio cha taulo cha chumba cha wageni, chenye ndoano tatu za waya mnene. Mbili za kawaida, ya tatu umbo la jembe dogo la bati. Huandiki neno lolote. Anayejua atacheka, asiyejua atatundika taulo lake salama.

"Paka akiondoka, panya hutawala." Hii inafaa kishikio cha funguo. Paka unamchonga kwa bonge la kandambili au kipande cha mbao na kumfunga kwenye ufunguo. Ubaoni, nyuma ya pale anapotundikwa, chora panya watatu wakicheza. Mwenye ufunguo akiwa nyumbani unaona paka. Akitoka, panya wanaonekana. Tayari una kifaa kinachowaambia wa nyumbani nani yupo na nani hayupo, na kimegharimu kisu na masalia.

"Dawa ya moto ni moto" inafaa kishikio cha sufuria cha vitambaa vilivyoshonwa tabaka, vyekundu na vya machungwa. Tumia pamba tupu: vitenge vingi vya kisasa vina nyuzi za polyesta ambazo zikiguswa na sufuria la moto zinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Jaribu kwa kuchoma uzi mmoja. Pamba inaacha jivu, polyesta inaacha kidonge kigumu cheusi. "Haba na haba hujaza kibaba" imetengenezewa vibubu vingi mno, iache ipumzike.

Kanga nayo ni mgodi wa aina hiyo. Ina pindo kando, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yake. Kanga iliyochakaa katikati mara nyingi jina lake bado zima. Likate, ulishone kwenye kitu ambacho kitalibadilishia maana. Maneno yaliyonunuliwa kumpiga vijembe jirani, yakishonwa kwenye mto wa kulalia paka, yanakuwa jambo jingine kabisa. Omba ruhusa ya mwenye kanga kabla ya mkasi, hasa kama ni ya bibi, maana kuna kanga za harusi na za msiba ambazo hazikatwi hata zikiwa matambara.

Hatua ya sita: sikiliza kero ya nyumbani

Kwa siku chache andika kila kitu kinachomfanya mtu wa nyumbani asonye. Rimoti imepotea. Mfuniko wa sufuria hauna pa kukaa. Chaja zimefungana. Kandambili za bafuni zinalowa upande mmoja. Kitu chenye vituko kinachotatua kero kinakaa nyumbani miaka. Kisichotatua kinatupwa siku ya usafi wa Idi.

Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi anayejulikana kwa miwani mikubwa ya ajabu ya vyuma na waya vya kuokota, amesimulia kwamba utotoni alitaka miwani, baba yake akakataa na kumwambia ajitengenezee. Akajitengenezea. Leo miwani hiyo inaoneshwa kwenye majumba ya sanaa ya nje. Huo nao ni mlango wa kuingilia: kitu ulichonyimwa.

Ukishapata kero, ipeleke kwenye ile orodha ya safu mbili. Chaja zilizofungana na msuko wa nywele vinafahamiana kuliko unavyodhani.

Sasa chukua simu

Sasa una kitu, una mbinu, una kero au methali. Tafuta mtandaoni kwa jina la mbinu, siyo la bidhaa. Ukiandika "taa ya kifuu" utaletewa mamia ya taa zilizokamilika na utarudi kulekule kwa mwanzo. Ukiandika jinsi ya kutoboa kifuu bila kukipasua, utapata mtu anayeonyesha mikono yake, na mikono ndiyo unayoitaka. Funga simu ukishapata jibu.

Kabla ya kugusa kitu chenyewe, tengeneza mfano kwa boksi na selotepu. Mfano mbaya wa dakika chache utakuonyesha kuwa jembe lako ni kubwa kuliko taulo.

Mfano mzima: taa ya kofia

Hebu tuone njia nzima kwa kazi moja. Kitu ni kifuu, ambacho tumeshaona kinakubali tundu. Fundi ni mshona kofia za viua. Kofia hiyo, ambayo Unguja na Lamu bado inashonwa kwa mkono, mapambo yake ni vitundu vidogo, viua, vilivyozungushiwa uzi ili visichanike. Vitundu vikipangwa vinatoa nyota, maua na mistari, na kichwa kinapata hewa. Kero ni umeme kukatika usiku. Unganisha: nusu ya kifuu ikilazwa kifudifudi ina umbo la kofia kabisa. Ukiitoboa viua na kuweka taa ndogo ndani, ukuta mzima unapata pambo.

Tafuta nazi kubwa iliyokomaa, ivunje katikati kama unavyovunja ya kukuna. Unataka nusu isiyo na macho, na iwe imepasuka karibu sawa. Ndani mna nyama na mafuta. Usipoyatoa, sisimizi watakuwa wageni wako. Ikune nazi yako kama kawaida, anika kifuu juani siku mbili tatu mpaka mabaki yajikunje, yakwangue kwa kijiko, osha kwa sabuni, anika tena.

Sawazisha ukingo kwa kubandika msasa mezani na kukizungusha kifuu juu yake, uso chini, mpaka kikae bila kuyumba. Ndipo usugue nje: msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, na ukiwa na subira 400. Fanyia nje ya nyumba na ufunge barakoa, kwa sababu vumbi la kifuu ni jepesi na linaingia kifuani.

Kupanga viua ndiko kunakohitaji utulivu. Kata utepe wa karatasi unaozunguka kifuu mara moja kamili, uukunje nusu, nusu tena, na nusu tena. Ukiufungua una sehemu nane sawa bila kupima kwa rula. Urudishe kwenye kifuu, weka alama nane kwa penseli, na kutoka kila alama panda mstari mpaka kileleni. Sasa una fremu kama ile ya mshona kofia. Anza na pambo jepesi: mduara wa vitundu karibu na ukingo, kisha ua moja katika kila sehemu, tundu kubwa katikati na madogo sita kulizunguka. Kati ya tundu na tundu acha angalau milimita 5. Ukisogeza karibu zaidi kifuu kitapasuka kufuata mstari wa matundu, jinsi stempu zinavyochanika.

Jaza soksi kuukuu mchanga, ifunge, na ukilaze kifuu juu yake ili kisiviringike. Kwanza kwaruza alama kwa ncha ya msumari, kwa mkono na si kwa nyundo, ili ncha ya keekee isiteleze. Tumia ncha ya milimita 2 kwa vitundu vidogo na ya 4 kwa vya katikati. Toboa kutoka nje kwenda ndani, mwendo mdogo, mkono usisukume. Ncha ikikaribia kutoka upande wa pili punguza zaidi, hapo ndipo vipande humeguka. Keekee la mkono linafaa kuliko la umeme kwa anayeanza, kwa sababu haliwezi kukukimbia. Vaa miwani ya kinga.

Ukimaliza pitisha msasa laini juu ya matundu, futa vumbi, paka mafuta ya nazi kidogo sana, yafute baada ya nusu saa. Ndani weka taa ndogo ya LED ya betri, au ile ya sola inayochajiwa mchana. Usiweke mshumaa wala koroboi: kifuu ni kuni nzuri, mama wa wali alishakwambia. Zima taa ya chumba na usogeze kifuu karibu na ukuta, halafu mbali. Vitundu vya milimita 2 vinatoa nukta kali, vya 4 vinatoa ukungu laini, na kwa mchezo huo utajua taa ya pili uipange vipi.

Vumbi la msasa usilimwage lote, weka kijiko kwenye kopo. Ufa mdogo ukitokea, changanya vumbi hilo na gundi ya mbao mpaka liwe uji mzito, uujaze kwenye ufa, uache ukauke hadi kesho, kisha sugua. Rangi inalingana kwa sababu ni kifuu kile kile, na ufa hauonekani ila kwa anayeutafuta.

Imebaki ile nusu yenye macho matatu. Ina sura ya mtu aliyeshtuka, mdomo wazi. Mpe mtoto wa miaka saba aishike, na uandike atakachosema.